Mwili Unavyomtambua Mgeni: Maelezo kuhusu Kinga, Surua na Chanjo

Kwa wazazi, walezi na wazee wa familia waishio Uingereza

Mtoto ana afya njema, ananyonya vizuri, uzito wake unapanda, wala hana homa. Kisha barua inafika kutoka kliniki ya GP, ikimwita kwenda kuchomwa sindano ya ugonjwa ambao hana. Kwa kuwa kazi yangu ni kutafsiri baina ya familia zetu na wauguzi, nimelisikia swali hili kwa lafudhi za Unguja, Mombasa, Bujumbura na Goma: kuna haja gani ya kumtia mtoto mzima maradhi mwilini? Ni swali la haki, na lastahili jibu lililo zaidi ya kuambiwa kwamba daktari ndivyo alivyosema.

Jibu lenyewe ni kwamba mwili wa binadamu hauzaliwi ukiujua ugonjwa wowote. Huzaliwa na uwezo wa kujifunza. Maelezo haya yaonyesha jinsi unavyojifunza, na yatautumia mfano wa surua, ugonjwa ambao baadhi ya Wakenya huuita ukambi. Tumeuchagua kwa sababu mbili: umerudi katika miji ya Uingereza, na una tabia moja mbaya ambayo wazazi wengi hawajaisikia.

Walinzi wa mwanzo

Ulinzi wa kwanza ni ngozi, machozi, ute wa puani na kooni, na asidi ya tumboni. Kidudu kikipenya hapo, hukutana na chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kula. Chembe hizi hazijui jina la adui. Zinachotambua ni alama za jumla: kwa mfano, bakteria wengi wana kuta zilizojengwa kwa vitu ambavyo seli ya binadamu haina kabisa. Chembe ikiigusa alama ya namna hiyo hushambulia papo hapo, na humwaga kemikali za kuita wenzake.

Uchomwapo na mwiba, mahali pale huvimba, huuma na huwa pa moto. Huo ni mwito wa walinzi hao. Vitabu vya hapa husema pia kuwa mahali hapo huwa pekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani, kwa hiyo tumia kiganja chako kupima joto, usitegemee macho peke yake. Usaha nao, kwa sehemu kubwa, ni mizoga ya chembe nyeupe zilizokufa kazini. Hata homa, ambayo twaiogopa, si kazi ya kidudu. Ni mwili wenyewe uliopandisha joto lake kwa kusudi.

Walinzi hawa ni wepesi, hufanya kazi ndani ya dakika na saa chache. Lakini hawatofautishi surua na mafua, na wakumbukacho ni kidogo mno. Kumbukumbu ya kweli inakaa kwingine.

Funguo zilizochongwa kabla ya vitasa

Miongoni mwa chembe nyeupe mna aina iitwayo limfosaiti. Baadhi yake hukomaa ndani ya uboho wa mifupa, na huitwa seli B. Nyingine huenda kukomaa katika tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, iitwayo thaimasi, nazo ni seli T. Kila limfosaiti imebeba juu yake vipokezi vya umbo moja tu, nayo haiwezi kushikana na kitu kingine ila kile kinacholingana na umbo hilo.

Hapo ndipo penye ajabu. Kirusi kipya kikizuka leo, mwilini mwako tayari kuna seli chache ambazo vipokezi vyake vinakilingana, ingawa hakijawahi kuonekana duniani. Yawezekanaje? Mwanasayansi wa Kijapani, Susumu Tonegawa, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kulieleza jambo hili. Alionyesha kwamba seli hizi, zinapotengenezwa, huvikata vipande vya jeni zao na kuvipanga upya, kila seli kwa mpango wake, bila kujua kitakachokuja. Mfano wake ni fundi funguo aliyechonga mamilioni ya funguo kabla ya kuonyeshwa kitasa hata kimoja. Nyingi hazitatumika maisha yote. Lakini siku kitasa kigeni kitakapoletwa, uko uwezekano mkubwa kwamba ufunguo wake unaning'inia mahali fulani ukutani.

Funguo zilizochongwa kwa kubahatisha zina hatari yake: baadhi zitafungua milango ya nyumba yako mwenyewe. Kwa hiyo, kabla seli T haijaruhusiwa kutoka katika thaimasi, huonyeshwa vitu vya mwili wenyewe. Ikivishika kwa nguvu, huuawa. Seli nyingi zinazoingia humo hazitoki. Ni mtihani mkali kuliko wowote tuliofanya shuleni, na bado wapo wanaopenya. Mchujo huo unapovuja, mwili huanza kujipiga wenyewe, na hapo ndipo hutokea magonjwa kama kisukari cha aina ya kwanza, ambacho seli za kinga huharibu zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini.

Yafaa kufahamu pia kwamba si kila kitokacho nje huhesabiwa kuwa adui. Wali na samaki unaokula si sehemu ya mwili wako, wala mtoto aliye tumboni, ambaye nusu ya urithi wake ni wa baba, si sawasawa na mama yake. Lakini mwili hauwashambulii. Ili limfosaiti ianze vita, aghalabu yahitaji mambo mawili: kitu kinacholingana na vipokezi vyake, na ishara ya hatari kutoka kwa walinzi wale wa mwanzo. Ishara ikitolewa pasipo sababu, matokeo yake ni mzio: mwili unaizukia karanga, au chavua ya nyasi, kana kwamba ni sumu. Baadhi yetu hatukujua chavua kuwa ni tatizo mpaka tulipopiga chafya majira ya kiangazi cha nchi hii.

Siku za mwanzo za ugonjwa

Tuseme mtoto asiye na kinga amevuta hewa yenye virusi vya surua. Kwa siku kumi hivi haonekani kuwa na jambo, lakini ndani kuna shughuli kubwa. Seli za upelelezi huokota vipande vya kirusi na kuvipeleka kwenye tezi za limfu, zile tunazozipapasa shingoni, kwapani na kwenye nyonga, na ambazo zikivimba watu wengi huziita mitoki. Tezi hizo ni kama baraza: limfosaiti hupita humo makundi kwa makundi, kila moja ikijaribu kama umbo lake lalingana na kipande kilicholetwa. Nyingi hupita tu. Hatimaye hufika ile inayolingana, nayo husimama na kuanza kugawanyika: moja huwa mbili, mbili nne, mpaka maelfu kwa maelfu.

Seli B zilizoongezeka hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazokishika kirusi na kukizuia kuingia katika seli. Seli T zina kazi nyingine. Karibu kila seli ya mwili hutandaza juu yake vipande vidogo vya protini zilizomo ndani yake, mfano wa mtu anayeweka nje sampuli ya kilichomo dukani. Seli T hupita ikikagua. Ikiona kipande cha kirusi, huijua seli ile kuwa imetekwa, na huiua pamoja na kilichomo.

Kazi yote hiyo yahitaji siku kadhaa, na kwa kinga kamili hata majuma mawili. Ugonjwa ndiyo tofauti ya muda huo. Kirusi kimetangulia, mwili unakimbilia nyuma.

Baada ya vita, askari wengi hufa, lakini sehemu yao hubaki wakiwa seli za kumbukumbu. Kirusi kilekile kikirudi, hakipewi tena siku kumi. Hukutwa na kumalizwa kabla mwenye mwili hajahisi lolote. Kumbukumbu hiyo yaweza kudumu mno. Mwaka 1846 surua iliingia katika Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Uskoti, na kuwaangusha wakazi wapatao 6,000 kati ya watu wasiofika 8,000. Daktari kijana kutoka Denmark, Peter Panum, alitumwa kuchunguza. Aligundua kwamba wazee waliokuwa wamepata surua mwaka 1781, ilipofika huko mara ya mwisho, hawakuugua hata mmoja. Miaka 65 ilikuwa imepita bila wao kukutana tena na ugonjwa huo, na miili yao haikuwa imesahau.

Surua hufuta kumbukumbu

Kisa hicho cha Faroe ndicho hutumiwa na wale wasemao: basi mwacheni mtoto augue, apate kinga ya asili. Ni kweli kwamba mtoto aliyepona surua hatarajiwi kuipata tena. Yasiyosemwa ni malipo yake.

Kirusi cha surua, kikishaingia, huzitafuta hasa seli za kinga, na miongoni mwake hupendelea zile za kumbukumbu, kwa sababu zina juu yake kipokezi kinachoifaa surua kama mlango. Huziingia na kuziangamiza. Mwaka 1908 Clemens von Pirquet, daktari wa Vienna, aliona kwamba watoto waliokuwa wakionyesha alama ya kifua kikuu katika kipimo cha ngozi hawakuionyesha tena walipopata surua, kana kwamba mwili umesahau. Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua. Watoto hao walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo, zile walizozichuma kwa kuugua mafua, nimonia, kuharisha na mengineyo tangu kuzaliwa.

Kwa maneno mengine, mtoto hutoka katika surua akiwa na kinga ya surua, na huku sehemu ya yale aliyojifunza tangu utotoni imefutwa. Atalazimika kujifunza upya kwa kuugua upya, na udhaifu huo waweza kuendelea kwa miaka miwili au mitatu. Nimonia inayomjia mtoto miezi mingi baada ya vipele kwisha haihesabiwi na mtu kuwa ni surua, ilhali huenda ndiyo iliyoifungulia mlango. Chanjo haina athari hiyo. Katika hoja zote nilizopata kuzisoma kuhusu jambo hili, hii ndiyo naiona kubwa, na ndiyo isiyotajwa sana.

Hatari nyingine zajulikana zaidi: upofu, hasa kwa mtoto aliyepungukiwa vitamini A, na uvimbe wa ubongo, unaowapata takriban mgonjwa mmoja katika kila elfu. Wala msidhani ni mambo ya nchi za mbali. Mwaka 2024 England ilithibitisha wagonjwa zaidi ya 2,900 wa surua, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote tangu 2012. Julai 2025 mtoto alifariki Liverpool. Kirusi hiki hubaki hewani chumbani hata saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na katika kila watu kumi wasio na kinga wanaokaa karibu naye, tisa huambukizwa. Ndiyo sababu wataalamu wanataka asilimia 95 ya watoto wapate sindano mbili; England hivi sasa, kwa watoto wa miaka mitano, haijafika hata asilimia 85.

Chanjo hufanya nini

Neno letu lenyewe lahifadhi historia. Kuchanja ni kukata ngozi, na ndivyo kinga ya ndui ilivyotiwa zamani, kwa mkato mdogo mkononi. Edward Jenner wa Uingereza aliijaribu mwaka 1796 kwa kutumia ndui ya ng'ombe, ambayo ni dhaifu, lakini umbo lake lafanana na ndui ya watu kiasi cha kuifundisha kinga. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na baadaye akajitolea kuwahimiza wazazi wa nchi yake wachanje watoto wao dhidi ya polio.

Chanjo ya MMR, ya surua, matumbwitumbwi na rubela, ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Vina umbo la kutosha kutambuliwa na limfosaiti, lakini havina nguvu ya kumwangusha mtoto mwenye afya. Tangu Januari 2026 watoto wadogo hapa hupewa chanjo iliyoongezwa kinga ya tetekuwanga, iitwayo MMRV: sindano ya kwanza mtoto akitimiza mwaka, ya pili akiwa na miezi 18. Mtoto mkubwa au mtu mzima aliyekosa zake hajachelewa, aulize kliniki.

Kwa nini asichanjwe mara azaliwapo? Kwa sababu mama humpitishia mwanawe kingamwili kupitia kondo la nyuma, na kingamwili hizo za kuazima hukiua kirusi cha chanjo kabla mtoto hajajifunza kitu. Kufikia mwaka mmoja zimekwisha. Na kwa nini mara mbili? Katika kila watoto mia, wachache hawaishiki sindano ya kwanza, na haijulikani kwa kuwatazama ni akina nani. Ya pili huwapata hao.

Mtoto aweza kupata homa na vipele vichache kati ya siku ya saba na ya kumi na moja baada ya sindano. Sasa mnajua kwa nini ni siku hizo: ndio muda ambao kirusi dhaifu huongezeka na limfosaiti huingia kazini. Vipele hivyo havimwambukizi mtu. Mpeni paracetamol ya watoto kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na vinywaji vya kutosha; msimpe aspirini aliye chini ya miaka 16. Mzio mkali ni nadra sana, takriban mara moja katika sindano milioni, na muuguzi ana dawa yake pale pale. Mtoto mwenye mzio wa mayai aweza kupewa chanjo hii. Wasiopewa ni wajawazito, na wale ambao kinga yao imedhoofishwa sana na ugonjwa au na dawa, kama za saratani au za kupandikizwa kiungo. Hao hulindwa na sisi tunaowazunguka.

Kuhusu usonji nitasema kwa ufupi, maana limesemwa mengi. Dai hilo lilitokana na makala ya mwaka 1998 iliyowahusu watoto 12. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na mwandishi wake mkuu akafutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza mwaka huohuo. Mwaka 2019 uchunguzi wa Denmark uliowafuatilia watoto 657,461 haukuona usonji umezidi kwa waliochanjwa. Dalili za usonji huanza kuonekana katika umri uleule wa chanjo hizi, na naelewa jinsi mzazi mwenye uchungu anavyoviunganisha viwili hivyo.

Gelatini ya nguruwe

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na halina sababu ya kuonewa haya. Baadhi ya chanjo hutiwa gelatini ya nguruwe ili virusi visiharibike. Kwa upande wa MMR, MMRVaxPro inayo na Priorix haina. Kwa MMRV, ProQuad inayo na Priorix-Tetra haina. Chanjo ya mafua ya kupuliza puani, wanayopewa watoto shuleni, inayo, na badala yake ipo ya sindano.

Mwaka 1995 wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Kuwait waliona kwamba kitu najisi kikigeuka dhati yake kikawa kitu kingine, kama gelatini inavyogeuzwa, hukumu yake hubadilika. Si wote wanaokubali, na maelezo haya hayatoi fatwa. Lakini hapa hamhitaji kuingia katika hitilafu hiyo, kwa kuwa chanjo isiyo na gelatini ipo. Pigeni simu kliniki siku kadhaa kabla ya miadi, mseme mnataka isiyo na gelatini ya nguruwe, ili iagizwe. Kosa ni kuificha sababu, kusema tu kwamba hamna nafasi, kisha miezi ikapita.

Sisi tuliolelewa kwingine

Wengi wetu tuna kovu la BCG mkononi na twadhani kwamba kwa hilo tumemaliza. BCG yahusu kifua kikuu pekee. Kumbukumbu ya kinga ni ya umbo kwa umbo. Kuijua moja si kuijua nyingine. Kenya ilianza kutoa sindano ya pili ya surua mwaka 2013, na Tanzania mwaka 2014. Chanjo ya rubela iliingia katika ratiba ya Tanzania mwaka 2014, na ya Kenya mwaka 2016. Kwa hiyo kijana aliyekulia huko kabla ya miaka hiyo huenda ana sindano moja ya surua, na ya rubela hana.

Jambo hili lawahusu zaidi wanawake wanaotarajia kuolewa au kupata mtoto. Rubela kwa mtu mzima ni ugonjwa mwepesi, lakini ikimpata mjamzito katika miezi ya mwanzo yaweza kuharibu macho, masikio na moyo wa mtoto. Chanjo yake haitolewi wakati wa ujauzito, na baada ya kuchomwa yapasa kungoja mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Ulizeni mapema.

Kadi ya kliniki ikiwa imepotea katika safari, kanuni ya hapa ni kuhesabu kwamba mtu hakuchanjwa na kumpa upya. Hakuna hatari: aliye na kinga tayari, kingamwili zake hukimaliza kirusi cha chanjo kabla hakijaongezeka. Chanjo hizi ni bure kliniki, na kujiandikisha kwa GP hakuhitaji karatasi za uhamiaji.

Mnaposafiri na mtoto mchanga kwenda nyumbani, ambako surua bado huzuka, mwulizeni muuguzi majuma kadhaa kabla. Mtoto wa miezi sita na zaidi aweza kupewa sindano ya mapema. Hiyo haihesabiwi katika zile mbili. Atazipata zote kwa umri wake.

Na habbat-sauda, asali na tangawizi? Vinyweni, vina raha yake kooni, ila asali asipewe mtoto chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa yaweza kumletea sumu hatari ya bakteria. Chakula chema humpa mwili nguvu ya kupigana. Hakiwezi kuiambia limfosaiti surua ina umbo gani. Maziwa ya mama ni jambo jingine, kwa sababu yamebeba kingamwili halisi zinazolinda utumbo na koo la mtoto. Lakini hizo nazo ni za kuazima, na hazitoshi kuizuia surua.

Mkiishuku surua

Surua huanza kama mafua makali: homa, kikohozi, pua kutiririka, macho mekundu yenye kuchukia mwanga, pengine na vidoa vyeupe ndani ya mashavu. Siku chache baadaye vipele hutokea nyuma ya masikio na usoni, kisha hushuka mwilini. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Pitisheni mkono, mtauhisi mparuzo. Mgonjwa huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele mpaka siku nne baada yake.

Msiende kliniki bila kupiga simu, maana katika chumba cha kungojea huenda amekaa mjamzito au mtoto mchanga. Pigeni kliniki, au 111, nao watawaelekeza mlango wa kuingilia. Mtoto akipumua kwa shida, akipata degedege, au akawa mzito wa kuamka, pigeni 999. Semeni neno "Swahili" mara tu simu ipokewapo. Mkalimani ni haki yenu na halipiwi. Msimfanye mtoto wenu mkubwa awe mkalimani. Tajeni tarehe ambayo vipele vilianza, na majina ya wote wa nyumbani wasiochanjwa, kwa kuwa chanjo ikitolewa ndani ya siku tatu baada ya kukutana na mgonjwa yaweza bado kuwahi.